Nyati na Ng'ombe wa Isiolo

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda kaskazini hupita kwanza katika nchi ya baridi. Huko Timau mashamba ya ngano na shayiri yameenea pande zote mbili za barabara, ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya, na wachunga kondoo hujifunika makoti mazito hata saa sita mchana. Lakini apitapo njia panda ya Subuiga, mahali barabara moja iendapo Meru, nchi yote huanguka mbele yake. Gari huteremka, baridi hubaki nyuma, makoti huvuliwa, na mbele huonekana uwanda mpana wa rangi ya kahawia, vilima vikichomoza hapa na pale kama visiwa baharini. Mji ulio chini ya mteremko huo ndio Isiolo. Kutoka Nanyuki ni mwendo wa maili 50 hivi tu, lakini mtu hujiona amehama kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Wageni wengi waijuao Isiolo kwa vitabu huijua kwa ajili ya simba. Bwana George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa nchi ya kaskazini, alikaa hapa na mkewe Joy, na mwaka 1956 wakamlea mtoto wa simba waliyemwita Elsa. Habari za simba huyo zimekwisha kuandikwa vya kutosha. Mji wenyewe, hata hivyo, haukujengwa kwa simba. Umejengwa kwa ng'ombe, na atakaye kuufahamu yampasa aende penye mnada wa mifugo.

Huko atawakuta Waborana waliotembea siku kadhaa kutoka pande za Merti na Garba Tula, Wasomali ambao babu zao walipewa makao hapa baada ya kupigana katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waturkana, Wasamburu wenye shanga, na Wameru walioshuka mlimani na malori yao kuja kununua. Vumbi hupanda mpaka jua likafifia. Ngamia hulalamika, mbuzi hulia, na madalali hupita katikati ya makundi wakiwapapasa ng'ombe nundu na mgongo. Wazee hawapendi kutaja bei kwa sauti. Muuzaji na mnunuzi hupeana mikono chini ya shuka, na vidole vyao huzungumza huko gizani: kidole hiki ni elfu, kile ni mia, na nyuso zao hazionyeshi kitu. Mgeni asimamaye karibu husikia kelele nyingi sana, lakini biashara yenyewe huipiti masikio yake.

Ng'ombe anayeuzwa zaidi ni yule aitwaye Borana. Ni mnyama mwenye nundu, ngozi iliyolegea, miguu mirefu na subira nyingi. Hutembea mbali kwenda maji, hula majani makavu ambayo ng'ombe wa Ulaya angeyatemea mate, na baada ya ukame hurudisha mwili wake upesi. Asili yake ni kwa Waborana wa Ethiopia ya kusini, nao walikuja naye mpaka Uaso Nyiro. Walowezi wa Laikipia, ambao ng'ombe wao walioletwa kwa meli kutoka Uingereza walikuwa wakifa kwa jua na maradhi, walimwona mnyama huyu, wakamnunua kwa wafanya biashara wa Kisomali, wakamchagua na kumzalisha kwa uangalifu. Mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa ng'ombe wa Borana. Siku hizi mbegu yake imekwisha kufika Zambia, Afrika Kusini na hata Australia. Jina la watu wa Isiolo limekwenda mbali kuliko wao wenyewe.

Hapo ndipo penye jambo la kustaajabisha. Katika miaka ile ile ambayo ng'ombe wa kaskazini alikuwa akisifiwa kuwa damu bora ya ranchi, ng'ombe wa kaskazini alikuwa haruhusiwi kupita Isiolo.

Zamani za utawala wa Waingereza, Isiolo ilikuwa mlango. Nchi yote iliyo mbele yake, Marsabit, Moyale, Wajir na Mandera, iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nayo ilikuwa imefungwa. Kizuizi kiliwekwa barabarani na askari wakakilinda. Mtu asiyekuwa na kibali hakuingia wala hakutoka. Mifugo nayo ilikuwa na kizuizi chake, kilichoitwa karantini. Kundi lililotoka kaskazini liliwekwa katika viwanja vya serikali kando ya mji, likachanjwa, damu ikatolewa na kupimwa zaidi ya mara moja, hasa kwa ajili ya homa ya mapafu, na ng'ombe mmoja tu akionekana mgonjwa, kundi zima lilianza kuhesabiwa siku upya. Mchungaji aliyekuja kuuza maksai watano apate fedha za kodi na nguo za watoto aliweza kukaa hapo wiki nyingi, akiwanunulia maksai wake subira kwa chakula chake mwenyewe.

Haki yataka isemwe kwamba maradhi hayo yalikuwa ya kweli. Homa ya mapafu hujificha ndani ya ng'ombe aonekanaye mzima, kisha huteketeza zizi zima. Daktari wa mifugo aliyeifungua njia ovyo angejutia. Lakini haki hiyo hiyo yataka isemwe pia kwamba karantini iliwafaa sana wenye ranchi za juu. Maadam ng'ombe wa kaskazini alizuiwa, bei ya nyama ya walowezi haikuwa na mshindani. Mwaka 1950 Kenya Meat Commission ilifunguliwa, na kichinjio chake kikubwa kikawa Athi River. Mwaka 1952 serikali ikaunda chombo cha kununua mifugo ya Waafrika na kuifikisha sokoni. Mlango ukafunguliwa kidogo, na funguo zikabaki mikononi mwa wale wale. Baada ya Uhuru, viwanja vya kuwekea mifugo vya Isiolo viliendelea kufanya kazi ile ile, na ng'ombe wengi walionenepeshwa Laikipia au kuchinjwa Athi River walipitia hapo.

Kuna jirani mmoja wa ng'ombe ambaye hakuna kizuizi kilichoweza kumsimamisha barabarani. Huyo ni nyati.

Kumwona yafaa kuacha mji na kufuata njia ya kaskazini mpaka Hifadhi ya Buffalo Springs, iliyo kwenye ukingo wa kusini wa Mto Uaso Nyiro, ikitazamana na ile ya Samburu ng'ambo ya pili. Jina lake la Kiingereza maana yake ni chemchemi za nyati. Nchi ni kavu, mawe meusi ya volkano yametapakaa kama makaa yaliyomwagwa, na ghafula katikati ya ukavu huo maji safi hububujika kutoka chini. Maji haya ni mvua na theluji ya Mlima Kenya iliyosafiri chini ya miamba. Moja ya chemchemi hizo ina umbo la kisima kipana, na watu husimulia kwamba bomu la ndege ya Kiitaliano ndilo lililoichimba wakati wa Vita ya pili, rubani akiwa amedanganyika kwa kuona kundi la nyati akadhani ni askari. Ikiwa ni kweli, basi nyati wa Isiolo walipigwa vita na dola ya Ulaya bila hata kutangaziwa.

Waswahili wana majina mawili kwa mnyama huyu, nyati na mbogo, nao Waborana humwita gafarsa. Dume lake lililokomaa lina uzito wa kilo 600 mpaka 800. Pembe zake hukutana katikati ya paji la uso zikawa kama kofia ya chuma, na macho yake humtazama mtu kana kwamba anamdai deni. Hajafugwa na mtu yeyote. Jike lake huchukua mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, ilhali ng'ombe huchukua tisa. Hupenda majani marefu na magumu, na lazima anywe maji kila siku. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito katika nchi ya Isiolo. Ngamia huweza kuvumilia siku kumi na zaidi. Choroa na swala twiga huishi karibu bila kuyaona maji. Lakini nyati na ng'ombe ni ndugu wa kiu. Ukame ukizidi, mito midogo ikikauka, wote wawili hurudi kwenye mabwawa yale yale na kingo zile zile za Uaso Nyiro, na ndipo mchungaji na nyati hukutana ana kwa ana katika kichaka cha mikoche.

Makutano hayo huua watu. Nyati dume aliyezeeka, aliyefukuzwa kundini, hulala peke yake katika kivuli kizito, wala hamwonyi mtu kama tembo afanyavyo. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Lakini wafugaji hulalamika kwamba fidia hukawia sana kuwafikia, na mjane hawezi kulisha watoto kwa faili.

Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi, wenye ranchi na wachungaji pia, kwa miaka mingi walimhesabu nyati kuwa adui wa ng'ombe. Hula majani yake, hunywa maji yake, humpa kupe wake. Lakini historia ya janga kubwa kuliko yote yaliyowahi kuipata mifugo ya Afrika huonyesha sura nyingine.

Janga hilo ni sotoka. Ng'ombe aliyeshikwa nayo hupata homa kali, machozi na kamasi humtoka, midomo yake huota vidonda ndani, kisha huharisha mpaka mwili ukakauka, naye hufa kabla ya siku 12 kwisha. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja na vile vya surua ya watoto. Katika kundi ambalo halijapata kuugua, sotoka iliweza kuua tisa katika kila kumi. Haikuwa ya asili ya nchi hizi. Iliingia mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa kwa meli mpaka bandari ya Massawa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kutoka huko ikapanda Ethiopia na kuleta njaa kuu, ikashuka kwa Waborana, na kufika mwaka 1891 ilikuwa imeenea katika nchi ya Wamasai. Mwaka 1896 ilikwisha kuvuka Mto Zambezi. Wamasai na jamaa zao wanaosema lugha ya Kimaa huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Wafugaji waliokuwa matajiri jioni waliamka maskini. Wengine wakaenda kuombea chakula kwa wakulima, wengine wakawaweka watoto rehani kwa nafaka.

Wala haikuwaacha nyati. Wasafiri waliopita Afrika ya Mashariki miaka hiyo waliona mizoga yao imelala kandokando ya maji, na katika sehemu nyingi nyati walipungua karibu kumalizika, pamoja na pofu na tandala. Basi nyati hakumletea ng'ombe sotoka. Ng'ombe, tena ng'ombe mgeni aliyeletwa na watu, ndiye aliyemletea nyati.

Yapata miaka 18 baadaye mgeni mmoja mkubwa alipiga kambi kando ya Uaso Nyiro. Alikuwa Theodore Roosevelt, aliyemaliza urais wa Marekani mwezi Machi mwaka 1909, na mwezi uliofuata akashuka Mombasa kuja kuwinda. Katika safari ile yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512. Hata hivyo, mtu huyu huyu alikuwa mmoja wa waliojitahidi kumwokoa nyati wa nchi yake, na habari za nyati yule zinafanana na za Isiolo kwa namna ambayo mfugaji wa hapa angeielewa mara moja.

Nyati wa Marekani ana nundu kubwa na manyoya mazito ya shingoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 makundi yake yalihesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na kwa makabila ya nyanda za kusini, Wakomanchi na Wakiowa, alikuwa chakula, nguo, hema na ibada. Reli ilipofika, wawindaji wa ngozi walimpiga kwa maelfu kila siku, wakaichukua ngozi na kuiacha nyama ioze. Maofisa wengi wa jeshi walilitazama jambo hilo kwa furaha, maana Mwindi asiye na nyati hana budi kukubali kukaa alipoambiwa. Kufika mwaka 1879 kundi la kusini lilikuwa limekwisha. Mwaka 1889 William Hornaday alihesabu nyati 1,091 tu waliosalia Amerika ya Kaskazini nzima. Mahali pao pakajazwa ng'ombe.

Waliobaki kusini waliokolewa na wenye ranchi. Huko Texas, Charles Goodnight, mwenye ng'ombe wengi sana katika bonde la Palo Duro, aliwakamata ndama wachache wa nyati, na husemwa kwamba mkewe Mary Ann ndiye aliyemsihi, kwa kuwa alihuzunika kusikia bunduki za wawindaji mchana na usiku. Wajukuu wa ndama wale wako hai mpaka leo katika hifadhi ya serikali ya Texas. Mwaka 1907, Roosevelt akiwa rais, nyati 15 walipakiwa katika gari la moshi kutoka bustani ya wanyama ya New York, wakapelekwa katika milima ya Wichita huko Oklahoma. Wakomanchi walikuja kituoni na watoto wao kuwatazama, na Quanah Parker, mkuu wao, alikuwa miongoni mwao.

Nyanda zile zilikuwa na karantini yao pia. Ng'ombe wa Texas wenye pembe ndefu walipopelekwa kaskazini kwa miguu kwenda kuuzwa, walikuwa wazima, lakini ng'ombe wa wenyeji waliolisha nyuma yao walikufa. Watu wa Kansas wakaweka mstari, wakakataza ng'ombe wa kusini kuuvuka. Pande mbili ziligombana miaka mingi, wa kusini wakisema kwamba ni hila za soko, mpaka mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne walipothibitisha kwamba kupe ndiye aliyeuchukua ugonjwa. Mzee yeyote aliyewahi kungoja katika viwanja vya Isiolo angelisikiliza gombo hilo kana kwamba ni lake.

Tofauti ni hii. Katika nyanda za Marekani nyati aliondolewa ili ng'ombe apate nafasi, na alirudishwa kidogo ndani ya uzio. Katika nchi ya Isiolo wote wawili walianguka pamoja, na wote wawili waliinuka pamoja, bila uzio kati yao. Na dawa iliyomponya nyati ilichomwa katika ngozi ya ng'ombe.

Kazi hiyo ilianza Kabete, katika maabara ya mifugo ya serikali, ambako chanjo za kwanza ziliweza kumponya ng'ombe mmoja na kumwua mwingine. Mabadiliko makubwa yalitoka Muguga, karibu na Nairobi. Huko daktari mmoja Mwingereza, Walter Plowright, pamoja na wenzake, walivilea virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakavihamisha chupa hata chupa mara nyingi mno, mpaka vikapoteza ukali wake visipoteze kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo yao ilikuwa tayari. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999.

Chanjo hiyo ilikuwa na aibu moja tu, nayo ni joto. Ilitaka barafu, na barafu haipatikani Sericho wala Merti. Maofisa waliipakia kwenye masanduku ya baridi, gari likakwama mchangani, na walipofika kwenye kundi walikuwa wamebeba maji tu. Ilipopatikana katika miaka ya 1990 chanjo iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila barafu, ndipo iliwezekana kuipeleka kwa ngamia na kwa miguu. Nao waliochanja katika sehemu nyingi za mbali walikuwa wafugaji wenyewe, waliofundishwa kushika sindano. Mambo mengi waliyajua kabla ya kufundishwa: wapi kundi hulala, kisima gani hunywesha siku gani, na ng'ombe yupi amefichwa.

Hata hivyo sotoka haikukubali kutoka kwa urahisi. Ilibaki katika pembe ya mashariki ya Kenya na Somalia, imepungua ukali, ikiwapata ng'ombe kwa homa ndogo ambayo mchungaji hakuiona kuwa kitu. Basi nani aliyeonyesha kwamba bado ipo? Ni nyati. Ugonjwa uliopita kimya katika ng'ombe ulikuwa mkali kwake. Mwaka 1994 nyati, pofu na tandala walianza kufa Tsavo, na vipimo vikaonyesha sotoka. Mwaka 1996 ilionekana katika Mbuga ya Nairobi. Kisha mwaka 2001, katika Mbuga ya Meru, iliyopakana na wilaya ya Isiolo upande wa Kinna na Hifadhi ya Bisanadi, madaktari wa wanyama waliwakuta nyati wenye macho mabovu. Damu na machozi yao vikapimwa. Ilikuwa sotoka.

Watu wa Kinna, ambao ng'ombe wao hulisha mpaka kwenye mpaka wa mbuga hiyo, hawakujua wakati ule kwamba walikuwa wakipakana na mwisho wa jambo kubwa. Tangu nyati wale wa Meru, sotoka haijathibitishwa tena katika mnyama yeyote duniani. Miaka ikapita watu wakitafuta, wakichukua damu ya ng'ombe na ya nyati nchi kwa nchi, na mwezi Juni mwaka 2011 ikatangazwa huko Roma kwamba sotoka imekwisha ulimwenguni. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, wa kwanza ukiwa ndui.

Sherehe ile haikufungua kila mlango. Nyati huchukua bado virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonekana mgonjwa, na kupe wake huweza kumpa ng'ombe ndigana iuayo upesi. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Kenya mwaka 2006, nayo imewatia hasara kubwa wenye mifugo midogo. Kwa ajili ya maradhi kama hayo nchi zinunuazo nyama kwa bei nzuri huitazama nyama ya kaskazini kwa mashaka, na mfugaji wa Merti angali akiuza kwa dalali.

Na hoja ya majani haijakwisha. Ranchi ya Lewa, iliyo juu ya mteremko ule ule ambao msafiri aliushuka mwanzo, ilikuwa ya ng'ombe tangu mwaka 1922. Mwaka 1983 sehemu yake ilizungushiwa uzio kuwalinda vifaru, na mwaka 1995 ranchi yote ikawa hifadhi. Jirani zao Wamasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba ya wageni mwaka 1996 katika ardhi yao wenyewe. Mwenye ng'ombe aliona kwamba nyati aliye hai huweza kulipa karo ya shule, jambo ambalo baba yake asingelisadiki. Lakini mpango huo ulipoenea kaskazini katika malisho ya jamii, si wote walioupokea. Wazee wa dedha, ndio wasimamizi wa malisho na maji kwa desturi ya Waborana, waliuliza ni nani sasa atakayeamua lini kundi liingie ukingo wa mto na lini litoke. Mwezi Januari mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilihukumu kwamba hifadhi mbili za kaunti ya Isiolo, ya Biliqo Bulesa na ya Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria. Swali la wazee hao ni la haki, hata kwa yule apendaye wanyama.

Ukame wa miaka ya 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana, uliwatendea wote sawasawa. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya. Katika miezi tisa ya mwaka 2022 serikali ilihesabu pia nyati 51 na punda milia wa Grevy 49 waliokufa, na hao ni wale tu waliookotwa. Kando ya barabara ya Isiolo mizoga ya ng'ombe ilirundikwa, na fisi walishiba mpaka wakaacha kukimbia magari.

Mvua ilirudi, na majani yakaota kwanza pale palipokuwa na mbolea ya mizoga. Katika nchi ya Kinna, wakati wa jioni, vijana huyateremsha makundi majini kabla ya giza. Mmoja hutangulia na fimbo, akasimama na kusikiliza, kwa maana nyati hunywa saa hiyo hiyo, naye hapendi kuharakishwa. Akiwaona bado wamo majini huwazuia ng'ombe wake juu ya ukingo na kungoja. Yangeyange huruka kutoka mgongo wa nyati kwenda mgongo wa ng'ombe na kurudi. Hatimaye kundi jeusi hutoka upande wa pili, maji yakidondoka videvuni, na kijana huanza kuimba wimbo wa kuwaita ng'ombe wake wanywe.